Viti Viwili Ambavyo Lindi Haikuvipata

Mwanzoni mwa Mei mwaka 2024 nilikwama Mingoyo. Nilikuwa nimekwenda nyumbani kwenye msiba, na kabla sijarejea kazini mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya zikaivunja barabara kuu ya Dar es Salaam katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Mabasi yakasimama. Wenye haraka na nauli ya ziada walizunguka kwa Masasi, Tunduru na Songea. Sisi wengine tulisubiri.

Anayeifahamu Mingoyo anaijua njia panda ya Mnazi Mmoja, ambako barabara za Lindi, Mtwara na Masasi hukutana. Siku hizo njia panda ilikuwa na watu wengi na magari machache. Asubuhi moja nilimkuta mzee mmoja, jirani wa marehemu mjomba wangu, ameketi barazani mwa duka.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Bado upo?”

“Nipo. Barabara imekatika.”

Alinitazama kidogo, kisha akaniuliza, “Wewe ndiye unayefundisha mambo haya. Somanga iko jimbo gani?”

“Kilwa Kaskazini.”

“Haya. Mimi mbunge wangu ni wa Lindi Mjini. Mkwe wangu yuko Nachingwea, naye ana wake. Mgonjwa wake akipelekwa Muhimbili, anapita Somanga. Mzigo wangu ukitoka Dar es Salaam, unapita Somanga. Mbunge wa Somanga hakuomba kura yangu, na niliyempa kura yangu haombi kura Somanga. Basi niambie, mbunge wa mkoa ni nani?”

Nilimjibu kwamba mkoa hauna mbunge. Una wabunge wengi, lakini hakuna hata mmoja anayechaguliwa na mkoa mzima. Mzee akasema kwa upole, “Asiyekuwapo na lake halipo,” akarudi kwenye kahawa yake.

Ndugu msomaji, nimelibeba swali hilo hadi darasani na leo nalileta hapa. Si swali la mtu asiyejua mambo. Nchi nyingi zimelijibu kwa kuunda chombo kinachoitwa Seneti. Sisi wenyewe tulikaribia kulijibu mwaka 2013, kisha tukaliacha.

Wengi tunaikumbuka Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Joseph Warioba kwa jambo moja tu, yaani serikali tatu. Mjadala huo ulifunika jambo la pili ambalo lingemgusa mzee wa Mingoyo moja kwa moja. Rasimu ilipendekeza Bunge la Muungano lenye wabunge 75. Kila mkoa wa Tanzania Bara ungekuwa jimbo moja la uchaguzi, na kila wilaya ya Zanzibar vivyo hivyo. Kila jimbo lingechagua wabunge wawili, mwanamke na mwanamume. Wakati huo mikoa ya Bara ilikuwa 25 na wilaya za Zanzibar 10, hivyo wabunge wa kuchaguliwa wangekuwa 70. Watano waliobaki wangeteuliwa na Rais kuwakilisha watu wenye ulemavu.

Tume haikutumia neno “seneta”, lakini sura ya kitu ilikuwa hiyo. Marekani kila jimbo lina maseneta wawili, liwe California yenye mamilioni ya watu au Wyoming yenye watu wachache kuliko wote. Kwa rasimu ile Lindi ingekuwa na viti viwili na Dar es Salaam viwili. Mgombea aliyetaka kiti cha Lindi angelazimika kuomba kura Somanga, Liwale, Nachingwea na Mingoyo. Swali la mzee lingekuwa na majina mawili ya kujibiwa.

Kabla ya kulia juu ya kilichopotea, tuwe wakweli kuhusu hesabu. Lindi haina uhaba wa wabunge. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,194,028 katika mkoa wetu, na tuna majimbo manane: Lindi Mjini, Mchinga, Mtama, Kilwa Kaskazini, Kilwa Kusini, Nachingwea, Ruangwa na Liwale. Dar es Salaam ilihesabiwa watu 5,383,728 na mwaka 2024 ilikuwa na majimbo kumi. Kwa wastani mbunge mmoja wa Lindi aliwakilisha watu wapatao 149,000, na mwenzake wa Dar es Salaam watu wapatao 538,000. Kwa kipimo cha kichwa kwa kichwa, kura ya mtu wa Lindi ilikuwa na uzito zaidi ya mara tatu na nusu ya kura ya mtu wa Mbagala.

Kwa hiyo mtu akisema kusini tumesahaulika kwa sababu wabunge wetu ni wachache, anakosea. Taifa limekwisha kukubali kwamba eneo nalo lina haki ya kusikika mbali na idadi ya watu wake. Zanzibar, yenye watu 1,889,773, ina majimbo 50 katika Bunge la Muungano, na juu yake Baraza la Wawakilishi huchagua wajumbe wake watano kwenda Dodoma. Hao watano ndio jamaa wa karibu zaidi wa seneta tulio nao. Hata Marekani, hadi Katiba yao iliporekebishwa mwaka 1913, maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo, si na wananchi.

Kama idadi haitupungukii, tunapungukiwa na nini? Ili kulijibu hilo, tutazame jinsi uwakilishi wetu ulivyobadilika.

Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, mpiga kura wa Tanganyika alilazimishwa kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu. Uwakilishi ulipimwa kwa rangi. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, mpiga kura aliletewa wagombea wawili wa chama hicho hicho, mmoja na alama ya jembe, mwingine na alama ya nyumba. Mzee wangu wa Mnazi Mmoja anaukumbuka uchaguzi ule, na anakumbuka kwamba baadhi ya mawaziri waliangushwa. Uchaguzi ulikuwa finyu, lakini mbunge alijua kwamba anaweza kuondolewa na watu wake bila kuondolewa na chama.

Mkoa wa Lindi ulizaliwa mwaka 1971, ulipokatwa kutoka Mkoa wa Mtwara. Katika miaka hiyo ya chama kimoja mkoa ulikuwa na sauti bungeni, kwa sababu Mkuu wa Mkoa alikuwa mbunge kwa wadhifa wake. Sauti ile ilikuwa ya aliyemteua. Vyama vingi viliporudi, utaratibu huo ukaondoka, na ilikuwa haki uondoke. Kosa letu ni kwamba hatukuweka badala yake mtu aliyechaguliwa. Leo mkoa unakutana kwenye Kamati ya Ushauri ya Mkoa ambamo wabunge hukaa pamoja na wakuu wa wilaya na viongozi wa halmashauri. Kama jina lake linavyosema, kamati hiyo hushauri.

Uchaguzi wa vyama vingi umetupa mambo ya kujivunia. Mwaka 2010 Lindi Mjini ilimchagua Salum Barwany, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa mbunge wa jimbo nchini, wakati ambapo watu wenye ualbino walikuwa wakiwindwa na kuuawa. Lakini umetupa pia mambo ya kutafakari. Mwaka 2018 mbunge wa Liwale alihama chama, kiti kikawa wazi, naye akarudi bungeni kupitia chama kingine. Mwaka 2020 majimbo mawili ya mkoa huu, Ruangwa na Mtama, yalipata wabunge waliopita bila kupingwa. Mpiga kura wa Mtama aliyekwenda kituoni hakuwa na mbunge wa kumchagua wala wa kumkataa.

Sheria inayotawala ubunge kati ya uchaguzi mmoja na mwingine ni hii: mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama chake, anapoteza kiti. Chama kikimfukuza uanachama leo, kesho si mbunge. Wananchi waliompa kura hawana uwezo huo. Hawawezi kumwondoa, na chama kikimwondoa hawawezi kumzuia asiondoke. Katika utaratibu kama huo, mbunge mwenye busara atamsikiliza kwanza yule mwenye uwezo wa kumfukuza.

Hapo ndipo hasara ya mwaka 2014 inapoonekana. Rasimu ya Warioba haikuleta viti viwili vikiwa vitupu. Vililetwa na masharti matatu. Mbunge asingekaa zaidi ya vipindi vitatu vya miaka mitano. Wapiga kura wangekuwa na haki ya kumwondoa mbunge wao kabla muda haujaisha. Na mawaziri wasingetokana na wabunge, ili anayeisimamia Serikali asiwe ndani ya Serikali.

Bunge Maalum la Katiba lilipoketi, wajumbe 201 waliteuliwa kutoka makundi mbalimbali ya jamii. Wengine wote walikuwa wabunge na wawakilishi waliokuwa madarakani. Sehemu ya wajumbe wa upinzani walitoka nje Aprili 2014. Waliobaki walipitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba mwaka huo. Serikali tatu ziliondolewa, na viti vya mkoa vikaenda nazo. Ukomo wa ubunge uliondolewa. Haki ya kumwondoa mbunge iliondolewa. Mawaziri walirudishwa bungeni. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa, na hadi leo haijafanyika. Naelewa hoja za waliotetea serikali mbili, na baadhi naziheshimu. Lakini ukomo na haki ya kumwondoa mbunge havikuhitaji serikali tatu. Viliondolewa na watu ambao vingewabana.

Wakenya walipata funzo kama hilo mapema kuliko sisi. Katiba yao ya uhuru ya mwaka 1963 iliunda Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya pamoja na Nairobi. Kipindi chao kilikuwa miaka sita, na theluthi moja walipaswa kwenda kwa wapiga kura kila baada ya miaka miwili, ili chombo kisibadilike chote kwa mkupuo. Seneti hiyo haikufika mbali. Mwishoni mwa mwaka 1966 ilikubali kuunganishwa na Baraza la Wawakilishi, na maseneta wakageuzwa wabunge wa majimbo mapya. Wenye viti hawakupoteza kitu. Wilaya ndizo zilizopoteza mlinzi wao.

Ilichukua zaidi ya miaka arobaini kulirekebisha jambo hilo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilirudisha Seneti, na uchaguzi wake wa kwanza ulifanyika Machi 2013. Ina maseneta 47 wa kuchaguliwa, mmoja kwa kila kaunti, pamoja na wengine 20 wanaoteuliwa kupitia vyama: wanawake 16, vijana wawili na watu wenye ulemavu wawili. Katika masuala ya kaunti kila ujumbe wa kaunti una kura moja. Lamu, iliyohesabiwa watu 143,920 mwaka 2019, ina kura moja. Nairobi, yenye watu 4,397,073, ina kura moja.

Mwaka 2020 kura hizo zilijaribiwa. Kulikuwa na pendekezo la kugawa mapato kwa kuipa uzito mkubwa zaidi idadi ya watu, na kaunti kadhaa za Pwani na za kaskazini zilikuwa zipoteze fedha. Seneti ilikwama kwa wiki nyingi, vikao vikivunjika bila muafaka. Mwezi Agosti maseneta watatu walikamatwa na polisi katikati ya mvutano huo. Septemba wakakubaliana juu ya mfumo ambao haukuipunguzia kaunti yoyote fedha. Walioona wiki zile waliziita aibu. Mimi niliona kaunti ndogo ikisema hapana, na fedha zikasubiri.

Sisemi Seneti ya Kenya ni mfano wa kunakiliwa. Maseneta wao huwasikiliza vigogo wa vyama kama wabunge wetu, na mwaka 2013 hakuna hata mwanamke mmoja aliyeshinda kiti cha kaunti. Watatu wa kwanza walishinda mwaka 2017. Ninachosema ni kwamba kiti cha eneo kina maana pale tu kinaposhika jambo ambalo eneo linalihitaji.

Hapo lazima niikosoe hata rasimu ninayoitetea. Mambo ya Muungano ndani yake yalikuwa saba tu: ulinzi, uraia, sarafu, mambo ya nje na mengine ya aina hiyo. Barabara hazikuwamo. Korosho na ufuta havikuwamo. Gesi haikuwamo. Wabunge wawili wa Lindi wangekwenda kujadili balozi na jeshi, na Somanga ingebaki kwa Bunge la Tanganyika ambalo rasimu haikulichora. Tungepata kiti kizuri katika chumba ambacho mambo yetu hayafiki.

Na mambo yetu ni makubwa. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songosongo, kisiwa cha Wilaya ya Kilwa, imekuwa ikizalisha umeme Dar es Salaam. Mradi wa kuigeuza gesi asilia kuwa kimiminika, unaopangwa kujengwa Likong’o katika Manispaa ya Lindi, umezungumzwa kwa zaidi ya miaka kumi. Mabunge matatu yamekuja na kupita. Mei 2013, siku chache kabla rasimu ya kwanza haijatangazwa, majirani zetu wa Mtwara waliingia mitaani kwa sababu ya bomba la gesi, na maisha na mali zikapotea. Watu huingia mitaani wanapoamini kwamba hakuna chumba ambamo wanasemewa.

Wapo watakaonijibu kwamba mkoa hauhitaji seneta bali mtu mkubwa Serikalini. Hoja hii ina nguvu, na nimeisikia sana Mnazi Mmoja. Daraja la Rufiji, lililotuunganisha na Dar es Salaam mwaka 2003, lina jina la Rais aliyetoka Masasi. Waziri Mkuu tuliyekuwa naye kuanzia Novemba 2015 hadi Novemba 2025 alikuwa mbunge wa Ruangwa. Basi tunataka nini zaidi?

Tunataka haki isiyotegemea bahati. Waziri Mkuu, kwa kiapo chake, ni wa Watanzania wote; tukimtaka awe wakili wa Lindi, tunamtaka aivunje kazi yake. Waziri anafungwa na uamuzi wa Baraza la Mawaziri hata unapoumiza kwao alikozaliwa. Na mtu mkubwa ana siku zake. Siku akiondoka, mkoa unarudi kusubiri mwingine.

Wengine watasema Bunge limekwisha kuwa kubwa na ghali mno kuongezewa viti. Nakubaliana nao. Ndiyo maana pendekezo langu haliongezi kiti hata kimoja.

Bunge lililochaguliwa mwaka 2020 lilikuwa na wabunge wanawake 113 wa viti maalum. Wengi wao tunawafahamu kwa mikoa yao, na husikika wakiitwa mbunge wa viti maalum Mkoa wa Lindi, au wa Mtwara, au wa Tabora. Lakini mkoa haukuwachagua. Walipatikana kwa orodha za vyama, kwa mujibu wa Ibara ya 78 ya Katiba, kulingana na kura ambazo vyama vilipata. Tuna mikoa 31, Bara na Zanzibar. Tuchukue viti 31 kati ya viti maalum, kila mkoa upate kimoja, na mwanamke atakayekikalia achaguliwe kwa kura ya siri na wapiga kura wote wa mkoa. Kenya wanafanya hivyo katika kaunti zote 47 kwa wabunge wanawake wa Bunge la Taifa, bila kuhitaji Seneti. Idadi ya wanawake bungeni haitapungua hata kwa mmoja, na heshima ya kiti itaongezeka, kwa sababu hakuna atakayeweza kumwambia mbunge huyo kwamba amebebwa. Atakuwa na kura nyingi kuliko mbunge yeyote wa jimbo mkoani kwake.

Kwa viti hivyo 31 turudishe masharti ya Warioba: vipindi vitatu basi, asiwe waziri, na wapiga kura wa mkoa waweze kumwondoa. Kisha wabunge hao waundiwe kamati yao, kura moja kwa kila mkoa, ambayo bila idhini yake Bunge halipitishi mgawanyo wa fedha za barabara kuu wala wa mapato ya maliasili. Tukiona hatua hiyo inafaa, tutazungumza juu ya kiti cha pili, na hata juu ya Seneti yenyewe.

Kwa wanafunzi wangu: mjadala wa Katiba mpya unaporudi, na unarudi kila baada ya miaka michache, msikubali ufungiwe ndani ya swali la serikali mbili au tatu. Ulizeni nani anamchagua mbunge, nani anaweza kumwondoa, na anashika nini mkononi. Kwa watumishi wa umma mnaosoma hapa na mnaoandika mihtasari ya vikao vya mikoa: ninyi mnajua kuliko mimi ni maazimio mangapi ya mkoa yaliyoishia kwenye jalada kwa kukosa mtu wa kuyadai bungeni. Jueni kwamba ushahidi wa hoja hii uko makabatini mwenu.

Barabara ilipopitika nilipanda basi la asubuhi. Mzee alikuwa pale pale barazani. Nilimuaga, naye akaniuliza kama nimelipata jina la mbunge wa mkoa. Nilimwambia bado. Akasema, “Ukilipata, niletee. Nina mambo ya kumwambia.”